Sindano ya Saa Nane Usiku

Mwezi Julai mama yangu alilazwa kwa siku 14 katika hospitali moja ya hapa Dodoma, kwa ajili ya kidonda cha mguu kilichotokana na kisukari. Kidonda kilitibiwa vizuri na mguu ukabaki, jambo ambalo namshukuru Mungu na nawashukuru walioshughulika. Ninachotaka kuandika hapa ni habari ya usingizi wake. Katika siku zote hizo faili lake lilijaa namba za presha, za sukari, za joto la mwili na za mapigo ya moyo, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema mgonjwa huyu amelala kwa muda gani. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye, kwa kuwa wodi ile ya wanawake iliruhusu ndugu mmoja wa kike abaki usiku na mgonjwa asiyeweza kwenda msalani peke yake. Nilitandika mkeka chini, kati ya kitanda chake na ukuta, na kutoka hapo nikasikia kila alichosikia yeye.

Nilikuwa na daftari dogo la matumizi: fedha za vipimo, dawa zilizonunuliwa nje, nauli ya bodaboda kutoka nyumbani kwetu Nkuhungu. Usiku wa tatu, baada ya kuona kwamba mama anaamka amechoka kuliko alivyolala, niligeuza daftari upande wa nyuma nikaanza kuandika kila saa alipofumbua macho, pamoja na kilichomfumbua. Usiku huo niliandika mara tisa. Saa nne na nusu, simu ya mgonjwa wa kitanda cha tatu. Saa tano na robo, toroli ya dawa. Saa sita, mgonjwa mpya akiletwa kutoka mapokezi na ndugu wanne nyuma yake. Saa saba kasoro robo, mkojo. Saa nane kamili, sindano. Saa tisa kasoro robo, maumivu. Saa tisa na nusu, bati la kibaraza likipigwa na upepo. Saa kumi na dakika kumi, bibi wa kitanda cha pili akiita ng'ombe wake. Saa kumi na moja, ndoo na dekio. Baada ya hapo sikuandika kitu, maana wodi nzima ilikuwa macho.

Baadaye, tukiwa tumekwisha kurudi nyumbani, nilisoma kuhusu uchunguzi uliofanyika Uholanzi mwezi Februari 2017, ambapo wagonjwa 2,005 katika hospitali 39 waliulizwa jinsi walivyolala usiku mmoja. Walikuwa wamelala pungufu kwa dakika 83 kuliko walivyozoea nyumbani kwao. Waliamka usiku mara 3.3 kwa wastani, ilhali nyumbani huamka mara 2, na asubuhi waliamka dakika 44 kabla ya muda wao wa kawaida. Wagonjwa saba katika kila kumi walisema waliamshwa na jambo lililotoka nje ya miili yao, na zaidi ya theluthi moja ya wote waliamshwa na watumishi wa hospitali. Yaliyowasumbua zaidi yalikuwa kelele za wagonjwa wengine, vifaa vya tiba, maumivu na kwenda msalani. Niliusoma uchunguzi huo huku daftari langu likiwa mkononi, nikaona kwamba watu wale, wenye hospitali za nchi yenye fedha kuliko yetu, walikuwa wameandika karibu yale yale niliyoyaandika mimi nikiwa juu ya mkeka.

Nianze na kelele, kwa sababu ndizo ambazo kila mtu huzitaja kwanza. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba usiku, ndani ya chumba cha wagonjwa, wastani wa sauti usizidi desibeli 30 na kishindo cha ghafla kisizidi desibeli 40. Desibeli 30 ni kama mnong'ono, na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika 60. Kwa kipimo hicho, nesi mmoja akimuuliza mwenzake kwa sauti ya kawaida ilipo mikasi, mwongozo umekwisha kuvukwa. Sikuwa na kifaa cha kupimia, wala sikukihitaji ili kujua kwamba wodi yetu haikuwa karibu na kiwango hicho. Lakini kadiri siku zilivyokwenda niligundua kwamba ukubwa wa sauti hauelezi kila kitu. Adhana ya alfajiri ilisikika wazi kupitia madirishani, na kengele ya kanisa pia, na mama hakuamka kwa hizo, au aliamka kidogo akarudi kulala, kwa kuwa amezisikia maisha yake yote na hazimdai kitu. Toroli ya dawa, ambayo sauti yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na hizo, ilimfumbua macho kila ilipopita.

Toroli ile ilikuwa na gurudumu moja lililolia. Ilianza kusikika tangu mwisho wa korido, ikaingia mlangoni, ikasimama, ikaendelea, ikasimama tena. Kila iliposimama, wanawake waliokuwa wamelala waligeuka. Mama aliniambia kwamba alikuwa akihesabu vituo vyake: ikisimama mara tatu bado, ikisimama mara ya nne ni jirani, mara ya tano ni yeye. Sikio halina kope. Hata mtu akilala, ubongo unaendelea kuzichuja sauti na kuuliza kama kuna inayomhusu, ndiyo maana mama mwenye mtoto mchanga hulala huku mvua inanguruma lakini hugutuka mtoto akilia kidogo tu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo waliwalaza watu 12 wenye afya njema katika maabara na kuwasikilizisha sauti 14 za hospitalini kwa viwango tofauti. Sauti za vifaa vya umeme, yaani vile vilivyotengenezwa ili kumwita mtu, kama kengele ya mashine ya dripu na mlio wa simu, ziliwaamsha kirahisi kuliko sauti nyingine nyingi, na mapigo ya moyo yalipanda kila waliposhtuliwa. Wodi yetu haikuwa na mashine nyingi za namna hiyo. Toroli ndiyo iliyokuwa kengele yetu, na ilimwita kila mtu.

Kuhusu mwanga sina mengi. Taa za mirija ziliwaka usiku kucha, mbili kati ya sita zikizimwa baada ya saa nne, kwa sababu nesi hawezi kutafuta mshipa gizani. Mwanga ukiingia jichoni usiku, ubongo hupunguza kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia na ni wakati wa kupumzika. Kitanda cha mama kilikuwa chini ya mojawapo ya taa zilizobaki. Nilikunja kanga mara nne nikamwekea machoni, na hilo lilisaidia kuliko nilivyotarajia, ingawa usiku wa kwanza aliitoa akisema anajiona kama maiti.

Baridi ilinishangaza zaidi. Watu wa pwani hudhani kwamba katikati ya nchi ni joto mwaka mzima, lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 13, tena na upepo ambao hautulii. Godoro la hospitali lina kava la plastiki ili lisafishike, na ni lazima liwe hivyo. Plastiki hiyo ikishapoa haipati joto upesi, na shuka huteleza juu yake, kiasi kwamba kufikia saa saba mgonjwa amelala juu ya kava lenyewe. Mwenye dripu mkononi na kidonda mguuni hawezi kujikunyata kama ajikunyatavyo mtu mzima akisikia baridi. Hulala chali, mkono mmoja ameunyosha, mguu umeinuliwa juu ya mto, na kila akipitiwa na usingizi mwili hujaribu kugeukia upande uliouzoea, sindano ikavuta, akaamka. Tuliagiza blanketi kutoka nyumbani siku ya pili. Walioletwa kutoka mbali, kutoka Bahi ndani huko au Kondoa, walilala na khanga na vitenge walivyokuja navyo.

Mkojo nao una sababu yake. Sukari ikipanda katika damu, figo huisukuma nje pamoja na maji, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijashuka huamka mara kwa mara. Ukiongeza maji ya dripu, ambayo huingia usiku na mchana bila kujali saa, unapata safari nne za msalani kati ya giza na macheo. Mama hakutaka kutumia chombo kitandani. Alikuwa na miaka 67, na wanawake wa rika lake hawajisaidii mbele za watu hata kukiwa na pazia. Tulikwenda kwa kukokotana, mimi nikishika stendi ya dripu kwa mkono mmoja na yeye kwa mwingine, na tuliporudi ilimchukua nusu saa kulala tena.

Sasa nije kwenye ile sindano. Mama alikuwa akipewa antibayotiki ya mshipani kila baada ya saa nane. Dozi moja ilikuwa saa nne asubuhi, ya pili saa kumi na mbili jioni, na ya tatu saa nane usiku. Kwa siku kadhaa niliichukulia saa nane hiyo kuwa ni amri ya dawa yenyewe, kama vile kidonda kilikuwa na saa yake, na sikuthubutu kuuliza. Siku ya tisa nilipokuwa nikipitia daftari niliona kwamba mama alifika wodini siku ya kwanza saa nne asubuhi, akachomwa sindano ya kwanza papo hapo, na hesabu ya saa nane nane ikaanzia hapo. Angefika saa mbili baadaye, sindano ya usiku ingekuwa saa kumi. Angefika saa nne mapema, yaani saa kumi na mbili asubuhi, dozi zake zingekuwa saa kumi na mbili, saa nane mchana na saa nne usiku, na asingeamshwa kabisa. Alikuwa akikatishwa usingizi kila usiku kwa sababu gari lililomleta liliondoka nyumbani saa tatu na nusu.

Saa nane usiku si saa ndogo kwa mtu aliyelala saa tano. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na sehemu iliyo nzito kuliko zote huwa nyingi katika mizunguko ya mwanzo. Humo ndimo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, ambayo kwa mtu mzima husaidia kutengeneza upya nyama iliyoharibika, na mama alikuwa na kidonda cha kufunga. Lipo pia suala la sukari. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jaribio walilofanya kwa vijana 11 wa kiume wenye afya, ambao kwa usiku sita mfululizo waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu, na miili yao ikawa mizito kuiondoa sukari katika damu. Hao walikuwa vijana wazima. Sisemi kwamba sukari ya mama ilikataa kushuka kwa sababu ya kukosa usingizi, kwa maana maambukizi peke yake hupandisha sukari na yeye alikuwa nayo. Ninasema kwamba tulikuwa tukimchoma insulini kwa mkono mmoja na kumnyima usingizi kwa mkono mwingine, na hakuna aliyekuwa amekusudia hilo.

Kwa nini hakuna aliyeuliza? Nimelifikiria sana swali hili, na nadhani sehemu ya jibu imo katika adabu zetu wenyewe. Kila asubuhi madaktari walipopita raundi, aliyewaongoza alisimama mguuni pa kitanda akasema, "Mama, shikamoo, umeamkaje?" Mama, ambaye usiku huo alikuwa amelala labda saa tatu za vipande vipande, alijibu, "Marahaba mwanangu, nimeamka salama." Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari langu. Kwetu sisi "umeamkaje" ni salamu, na salamu hujibiwa kwa neno la heri hata kama mtu anaumwa, hata kama nyumbani kuna msiba. Maelezo huja baadaye, yakiulizwa. Daktari alikuwa ameuliza swali pekee linalohusu usiku, na kwa kuwa lilikuwa limevaa nguo za salamu, lilipata jibu la salamu. Kisha yakafuata maswali ya kitabibu, nayo yalikuwa ya mguu, homa na chakula. Mama aliamka salama kila siku kwa siku 14. Ingemfaa zaidi kama baada ya salamu mtu angemwuliza waziwazi: ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, ni nini kilichokuamsha.

Wapo wasiolala kwa mambo ambayo hakuna ratiba inayoweza kuyasogeza. Bibi wa kitanda cha pili, aliyelazwa kwa nimonia, mchana alikuwa mtu mpole anayemwuliza kila anayepita ametoka kijiji gani. Usiku, hasa baada ya saa tisa, aliketi akawaita ng'ombe wake kwa Kigogo, akawakemea wanaoingia shambani, akajaribu kung'oa kanula, ule mrija mdogo uliochomekwa mshipani, ili akawafukuze. Minong'ono ilianza kwamba amepagawa. Daktari wa zamu aliitwa, akamweleza binti yake, nasi tukisikia, kwamba kwa wazee maambukizi, dawa, upungufu wa maji na kukosa usingizi vinaweza kuivuruga akili kwa muda, ikaja na kuondoka, na kwamba usiku ndiyo huzidi. Alimwambia binti amvalishe bibi miwani yake, ambayo ilikuwa imefichwa mkobani isipotee, amtajie mara kwa mara mahali alipo na siku iliyopo, na mchana asimwache alale mfululizo. Kitanda chake kikahamishiwa dirishani ili aone jua likichomoza na likizama. Hakupona kuweweseka siku hiyo hiyo, lakini kufikia usiku wa nne ng'ombe walikuwa wamepungua. Nilijifunza hapo kwamba usiku mbaya hauishii katika uchovu tu. Mzee akikosa usingizi huweweseka, akiweweseka huwaamsha wengine kumi, na kati ya hao kumi yumo mwingine wa umri wake.

Usiku wa sita mgonjwa wa kitanda cha saba alifariki. Ilikuwa kati ya saa saba na saa nane. Hapakuwa na kilio, kwa sababu ndugu yake aliyekuwa naye alitolewa nje kwanza, kwa upole. Tulichosikia ni magurudumu ya pazia yakisogezwa, kisha sauti za chini, kisha kimya kirefu, kisha magurudumu mengine mazito zaidi. Hakuna aliyesema neno, lakini kutoka mkekani nilijua kwamba wote walikuwa macho, kwa kuwa kukohoa kulikuwa kumekoma na hakuna aliyekuwa akikoroma. Watu walikuwa wakijizuia. Wahenga husema usingizi ni nusu ya mauti, na nadhani usiku ule kila mmoja alikataa kutoa hata hiyo nusu. Mama alinishika kidole akaniambia nimwamshe kila baada ya muda, nihakikishe. Mwanangu, usiniache nilale sana. Nilimwahidi, nikakaa nikiuangalia upande wake wa shuka ukipanda na kushuka. Sindano ya saa nane ilichelewa hadi saa tisa kwa sababu manesi walikuwa na kazi nyingine, na walipofika mama alikuwa tayari ameunyosha mkono.

Kulipopambazuka kitanda cha saba kilikuwa kimeoshwa na kutandikwa. Saa tano asubuhi alilazwa mwanamke mwingine, aliyeuliza kwa nini majirani zake wanamtazama hivyo. Kwa usiku mbili zilizofuata nilihesabu kuamka mara nyingi kuliko wakati wowote, na safu ya "kilichomfumbua" katika daftari langu ilibaki tupu. Hapakuwa na sauti wala sindano wala mkojo. Aliamka tu. Naamini kwamba mgonjwa aliyeona jirani yake akichukuliwa anahitaji mtu wa kuketi naye kwa dakika chache asubuhi na kumwambia kwamba ugonjwa wa yule haukuwa ugonjwa wake, na kwamba usiku akipiga sauti atasikika. Hakuna fedha inayohitajika kwa hilo, ila inahitajika dakika, na dakika ndizo manesi wasizokuwa nazo.

Nisieleweke vibaya kuhusu manesi. Usiku walikuwa wawili kwa vitanda zaidi ya thelathini. Kuna saa ambapo mmoja alikuwa akisukuma machela kwenda chumba cha upasuaji na mwingine akabaki peke yake na wodi nzima. Niliwalaumu moyoni kwa ile saa kumi na moja alfajiri, wakati taa zote ziliwashwa kwa pamoja, ndoo zikaburutwa, wagonjwa wakainuliwa kuoshwa, vidole vikatobolewa kupimwa sukari. Baadaye sista mmoja aliniambia kwamba wanaanzia mwisho: makabidhiano ya zamu ni saa moja na nusu, ndugu huingia na uji saa kumi na mbili, na kabla ya hapo kila kipimo kiwe kimeandikwa na kila kitanda kiwe safi, la sivyo wanaoingia zamu watawauliza. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo, kwa wagonjwa zaidi ya thelathini na mikono minne, unafika saa kumi na moja. Usingizi wa alfajiri, ambao kwa mtu asiyelala usiku ndio pekee unaobaki, ulikuwa umekatwa na hesabu hiyo. Nilimwuliza kama kuosha hakuwezi kuachiwa zamu ya mchana kwa wale wasio na haja ya haraka. Alinyamaza kidogo akasema kwamba ndivyo alivyofundishwa naye alipoanza kazi.

Ni sista huyo huyo niliyemwonyesha daftari. Nilisita kwa siku mbili, nikiogopa kuonekana kwamba nimekaa kuwachunguza. Alilisoma akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa usiku wa tatu, akauliza kama anaweza kukaa nalo hadi raundi. Asubuhi ya siku ya kumi, baada ya mama kumaliza kuamka salama, sista alimweleza daktari habari ya saa nane. Mazungumzo yao hayakuzidi dakika tatu. Daktari alitazama faili, akauliza dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi, akaandika mpangilio mpya: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Jinsi ya kusogeza dozi ni hesabu ya daktari, kwa kuwa zipo dawa ambazo haziruhusu kusogezwa, na wapo wagonjwa ambao kuwaamsha saa nane ndiko kunakowaokoa. Mama hakuwa mmoja wao. Vilevile akaandika kwamba presha yake ipimwe saa nne pamoja na sindano na isipimwe tena hadi alfajiri, maana kwa siku tano mfululizo ilikuwa tulivu.

Jioni ya siku hiyo kaka yangu, ambaye ni fundi baiskeli pale Majengo, alikuja saa ya kuona wagonjwa akiwa na kopo la grisi. Alimwomba sista ruhusa, akaipindua toroli kibarazani, akalitoa gurudumu lenye kulia, akalisafisha nyuzi na nywele zilizokuwa zimejizungusha kwenye ekseli, akalipaka. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Usiku toroli ilipita bila kusikika hadi ilipofika kitandani, na mwanamke wa kitanda cha tisa alishtuka kumwona nesi amesimama mbele yake. Kwa hiyo hata hilo lilikuwa na kasoro yake, na manesi wakaanza kusema jina la mgonjwa taratibu kabla ya kumgusa.

Usiku wa kwanza wa mpangilio mpya mama aliamka saa nane kamili. Hakuna aliyekuja. Alikaa akisubiri kwa muda, akaniuliza kama wamemsahau, nikamweleza tena yaliyosemwa asubuhi. Alilala saa tisa. Usiku uliofuata aliamka tena, na uliofuata pia, lakini akilala upesi zaidi. Siku tatu kabla ya kuruhusiwa sukari yake ilianza kushuka. Sitaki kudai kwamba naijua sababu, kwa kuwa kidonda nacho kilikuwa kimeanza kukauka.

Tulirudi Nkuhungu siku ya Ijumaa. Tulimtandikia chumba cha nyuma, mbali na barabara, tukamfungia dirisha kwa gunia ili upepo usiingie, na saa tatu usiku alikuwa amelala. Saa nane nilisikia kitanda kikilia. Nilichukua simu nikamulika chini nisimpige mwanga usoni, nikaingia. Alikuwa ameketi, amekunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, na mkono wenyewe ameunyosha juu ya blanketi.

"Mama, tuko nyumbani."

Aliutazama ule mkono, palipokuwa na alama ya plasta. "Kumbe," akasema, akaushusha mkono wa gauni, akajilaza.

Iliendelea hivyo kwa usiku tano. Usiku wa sita niliandika mstari wa mwisho katika daftari: saa nane, hakuamka. Niliweza kuuandika kwa sababu mimi nilikuwa macho.